Ushuru sifuri wa China: mbona kontena yetu imelipishwa Kasumbalesa?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi (si ile nchi), ambaye mizigo yake hupitia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Nimeliacha kwa kinywa chake, bila kulipiga pasi («kutosha dwane» ni kuondoa ushuru wa forodha, «badwanie» ni maofisa wa forodha):

«Jambo Papa. Mi niko nauzisha masahani, masufuria na bintu bya batoto ku soko ya Kenya. Nilisikia ku radio asema China ilitosha dwane yote kwa Congo, zero. Nilifurahi. Sasa kontena yetu, tulipakiaka bamama bane pamoja, ilitoka Guangzhou, ikafika Kasumbalesa, na balitulipisha sawa ya zamani. Nani anatudanganya, Bachina ao badwanie betu? Na ingine: banasema Bamerikani na Bachina banagombana juu ya "taifa linalopendelewa zaidi". Sisi Congo tunapendelewa na nani? Shemeji yangu wa Kasenga iko na karanga mingi, anataka tupeleke kule China. Tupeleke?»

Mama, hakuna aliyekudanganya, ila redio ilikupa nusu ya habari na ile nusu nyingine ndiyo yenye pesa zako. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Desemba 2024 China haitozi ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi zinazohesabiwa kuwa maskini zaidi duniani na zenye uhusiano wa kibalozi nayo. Afrika peke yake zimo nchi 33, na Congo ni mojawapo. Lakini msamaha huo ni wa kitu kinachotoka Congo kuingia China. Masahani yenu yanatoka China kuingia Congo. Beijing imefungua mlango wa nyumba yake; mlango wa Kasumbalesa ni wa kwetu, na ufunguo wake uko Kinshasa.

Hesabu uliyolipa ni ya sheria ya Congo tangu mwanzo mpaka mwisho. Chukua mzigo wenye thamani ya dola 10,000 ukijumlisha bei, usafiri na bima. Bidhaa za kutumika nyumbani mara nyingi huangukia kwenye kiwango cha juu cha ushuru wetu, asilimia 20: hizo ni dola 2,000. Kisha inakuja TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, nayo haihesabiwi juu ya 10,000 bali juu ya 12,000, maana ushuru nao unatozwa kodi. Hapo ni dola 1,920. Jumla 3,920, na bado hujagusa ukaguzi wa OCC (ofisi ya serikali inayokagua bidhaa), gharama za deklarani (wakala wa forodha), parking ya lori, na yale mengine ambayo wewe na mimi tunayajua na ambayo hayana risiti. Nimekaa miaka mingi kando ya madirisha hayo nikijaza karatasi za watu kabla sijaenda kufundisha, na nakuambia kweli: sijaona hata siku moja mazungumzo ya mabalozi yakipunguza safu ile ya mwisho.

Sasa tuje kwenye jina linalochanganya watu, «taifa linalopendelewa zaidi». Ukilisikia unafikiri ni mtoto wa kwanza anayepewa paja la kuku. Sivyo. Maana yake ni kwamba nchi A inaahidi kutomtoza B ushuru mkubwa kuliko ule inaomtoza rafiki yake mwingine yeyote. Ukipunguzia mmoja, umepunguzia wote wenye ahadi hiyo. Kwa hiyo karibu dunia nzima «inapendelewa zaidi», na asiyependelewa ndiye wa ajabu. Ahadi hiyo ndiyo kifungu cha kwanza cha mkataba wa GATT wa 1947, na leo ndiyo nguzo ya Shirika la Biashara Duniani. Congo ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1 Januari 1997, miezi michache kabla Mzee Kabila hajaingia Kinshasa. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili, kwa maana hii ya kisheria, ni kwamba tunapendelewa na karibu wote, na haituongezei sahani ya bukari. Wamarekani wenyewe waliona jina linapotosha. Mwaka 1998 walilifuta katika sheria zao wakaandika «uhusiano wa kawaida wa kibiashara», na hilo ndilo jina la haki.

Lakini usidharau kitu cha kawaida. Mtu asiye nacho huumia. Marekani wanayo orodha ya ushuru yenye safu mbili: ya kwanza kwa walio na hadhi hiyo, ya pili kwa wasio nayo, na ile ya pili imebakia na viwango vya sheria ya mwaka 1930, wakati wa njaa kuu ya uchumi. Wewe unauza vitu vya watoto, basi sikia: mwanasesere akiingia Marekani kutoka nchi yenye hadhi hatozwi ushuru wa kawaida, halipi kitu. Akitoka nchi ya safu ya pili, asilimia 70. Waliobaki katika safu hiyo wanahesabika kwa vidole: Cuba, Korea Kaskazini, na tangu 2022 Urusi na Belarus.

China nayo ilikuwa humo. Hapo ndipo penye hadithi yenyewe, na nitakaa kidogo, kwa sababu mengi yanayotupata sisi yanafanana nayo.

Marekani na China ya Beijing zilianza uhusiano rasmi wa kibalozi tarehe 1 Januari 1979. Mkataba wa biashara ulitiwa sahihi mwaka huo huo, na hadhi ikaanza kazi Februari 1980. Ila ilikuwa hadhi yenye kamba shingoni. Sheria ya Marekani ya biashara ya 1974 ilisema nchi ya kikomunisti haiwezi kupewa hadhi hii moja kwa moja. Rais lazima aiombe upya kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, na Kongresi inaweza kukataa. Sharti lenyewe lilikuwa juu ya uhuru wa raia kuhama nchi yao, na lilitungwa likiwalenga hasa Wayahudi wa Muungano wa Kisovieti. China ilinaswa kwenye wavu uliotegewa samaki mwingine.

Miaka ya kwanza kamba ilikuwa imelegea, hakuna aliyeiona. Kisha ikaja Juni 1989, askari wakaua watu katika mitaa ya kuzunguka uwanja wa Tiananmen, na tangu hapo kila mwaka mwezi wa Juni ukawa msimu wa kesi. Kongresi ikapitisha masharti, Rais George Bush akayapiga veto. Bill Clinton alipoingia alisema yeye hatakuwa mpole: Mei 1993 alitia sahihi amri kwamba hadhi ya mwaka unaofuata itategemea maendeleo ya haki za binadamu. Waziri wake wa mambo ya nje, Warren Christopher, akaenda Beijing Machi 1994 kudai hesabu. Alipokelewa kwa baridi. Wachina walikuwa wameshaona kitu ambacho Washington ilikuwa haijakisema kwa sauti, yaani kwamba viwanda vya ndege, wauza ngano na wenye maduka makubwa wa Marekani walikuwa wanamsukuma Clinton kuliko Beijing ilivyomwogopa. Tarehe 26 Mei 1994 Clinton akafungua fundo mwenyewe: hadhi ikaendelea, haki za binadamu zikawekwa kwenye faili lingine.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu wausome mwaka huo mmoja polepole. Tishio lilikuwa kubwa, lakini aliyelitoa angeumia pamoja na aliyetishwa, na wote wawili walijua. Tishio la namna hiyo halidumu miezi kumi na miwili.

Yaliyobaki yalikuwa safari ndefu ya wajumbe. Aprili 1999 Waziri Mkuu Zhu Rongji alikwenda Washington na mkoba uliojaa makubaliano makubwa ili China iingie Shirika la Biashara Duniani, Clinton akasita, Zhu akarudi mikono mitupu. Mwezi uliofuata ndege za Marekani zikapiga ubalozi wa China mjini Belgrade, na ungedhani mambo yamekwisha. Novemba 15 mwaka ule ule wakatia sahihi Beijing. Bunge la wawakilishi likapitisha hadhi ya kudumu tarehe 24 Mei 2000 kwa kura 237 dhidi ya 197, Seneti ikafuata Septemba, na China ikaingia shirika tarehe 11 Desemba 2001. Kamba ikakatwa.

Ilikatwa kweli? Nusu. Hadhi bado ipo, haijafutwa, lakini tangu 2018 Marekani imepandisha ushuru kwa bidhaa za China kwa kupitia madirisha mengine ya sheria zake. Aprili 2025 ushuru huo wa nyongeza ulifika asilimia 145, China ikajibu kwa 125. Ilikuwa kama kufunga biashara. Mei 12, baada ya mkutano wa Geneva, wakashusha mpaka 30 na 10. Kilichowarudisha mezani haraka hivyo hakikuwa jina la hadhi. Aprili ile ile China ilianza kudai kibali kwa kila anayetaka kununua aina fulani za madini adimu ambayo bila yake viwanda vya magari na ndege vinasimama. Kumbuka neno hilo, kibali, nitalirudia.

Sisi tunazo hadhi zinazopita ile ya kawaida, maana nchi tajiri zinaruhusiwa kuwapunguzia maskini zaidi ya wengine; hapa nitataja mbili. Ya kwanza ni ya Marekani, ile inayoitwa AGOA, sheria ya Mei 2000 inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Hiyo inafanana na hadhi ya China ya zamani: ina kamba, inakaguliwa kila mwaka. Congo tulitolewa humo kuanzia 1 Januari 2011 kwa sababu ya haki za binadamu, tukarudishwa kuanzia 1 Januari 2021. Miaka kumi nje! Uliza soko zima la Kenya kama kuna aliyeona tofauti siku tulipotoka au siku tuliporudi. Hatukuwa na mashati ya kupeleka. Lesotho, yenye viwanda vya jeans, ingelia siku hiyo hiyo. Muda wa sheria yenyewe ulifika kikomo tarehe 30 Septemba 2025, Februari 2026 ikarefushwa mpaka mwisho wa mwaka huo tu, na kuirefusha ni kazi ya Kongresi ya Washington. Kinshasa haina kura pale.

Ya pili ni hii ya China uliyoisikia. Haina ukaguzi wa kila mwaka wa haki za binadamu, na viongozi wetu wanaipenda kwa hilo, lakini usifikiri haina bei. Angalia ahadi ya Juni 2025, China iliposema iko tayari kupanua ushuru sifuri kwa nchi 53 za Afrika, hata zisizo maskini zaidi. Afrika ina 54. Aliyeachwa ni Eswatini, kwa sababu bado inaitambua Taiwan. Sisi bei hiyo tulishailipa zamani: Congo ya miaka ya sitini ilikuwa na ubalozi wa Taipei, Mobutu akageuka Novemba 1972, Januari iliyofuata akawa Beijing anapokelewa. Lile Palais du Peuple la Kinshasa wanapokaa wabunge ni kazi ya mikono ya Wachina, tunda la mgeuko ule.

Na hadhi hii imetufaa nini hapa Katanga? Kusema kweli, kidogo. Simama Kasumbalesa uhesabu malori yanayotoka: shaba ya vibamba, kobalti kwenye magunia makubwa. Nchi yenye viwanda haiwekei ukuta malighafi inayoitaka. Ukuta hupanda kadiri bidhaa inavyopikwa. Jiwe hupita, waya hulipa kidogo, mashine hulipa zaidi. Shaba yetu ilikuwa inaingia China vizuri kabla ya Desemba 2024 na inaingia vivyo hivyo baadaye. Hata mti wa mukula, uliokatwa kwetu na kwa majirani wa Zambia mpaka ukawekwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kimataifa ya miti inayolindwa, haukungoja hadhi ya mtu yeyote. Ushuru sifuri ungekuwa na maana kubwa kama tungekuwa tunapeleka nyaya, betri, viatu. Hatupeleki.

Ndiyo maana mimi nasema mazungumzo yetu ya kweli na China hayako kwenye karatasi za ushuru, yako Kolwezi, kwenye migodi. Mwaka 2008 tulitia sahihi ule mkataba wa Sicomines: Wachina asilimia 68, Gécamines (kampuni ya madini ya serikali yetu) na washirika wake 32, madini kwa barabara. Mwanzoni zilitajwa dola bilioni 9. Mwaka 2009, Shirika la Fedha la Kimataifa lilipobana kwa sababu ya madeni, zikawa 6, na sehemu ya barabara na hospitali ikabaki 3. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, wakatoa hesabu: katika miaka karibu kumi na mitano, zilizoonekana kwenye miundombinu ni dola milioni 822. Hapo ndipo nchi iliposhtuka. Mei mwaka huo Rais Tshisekedi akaenda Beijing, uhusiano ukapandishwa cheo ukaitwa «ubia wa kimkakati wa pande zote», magazeti ya Kinshasa yakaandika sana juu ya jina hilo. Mimi nilingoja namba. Zilikuja Machi 2024: hadi dola bilioni 7 za miundombinu, kwa mafungu ya milioni 324 kwa mwaka, ila kwa sharti kwamba bei ya shaba isishuke chini ya kiwango walichokubaliana. Wako wanaosema bado ni kidogo, na sitawapinga. Lakini kutoka 3 kwenda 7 hakukuletwa na cheo cha ubia. Kuliletwa na kurasa za IGF, na kwa kuwa mgodi hauwezi kubebwa kwenye meli.

Na sasa lile neno kibali. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje. Bei ilikuwa imeanguka vibaya, na sisi ndio tunaotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, tukiijaza sokoni wenyewe na kujishushia bei wenyewe. Oktoba kusimamisha kukageuka kuwa mgao: kila kampuni na tani zake, na kwa mwaka 2026 jumla ni tani 96,600. Kufikia mwisho wa 2025 bei ilikuwa imepita mara mbili ya ilivyokuwa Februari. Wasafishaji wakubwa wa kobalti hiyo ni Wachina, na mwenye mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume ni kampuni ya Wachina, CMOC. Walilalamika, hawakuondoka. Sisemi mpango huu hauna tundu. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi na Likasi walikaa miezi bila mnunuzi wa maana, na hilo halikuandikwa kwenye tangazo lolote. Lakini kwa mara moja tuliketi upande ule wa meza ambao China yenyewe iliukalia mbele ya Marekani.

Narudi sokoni kwako, maana naona nimekupeleka mbali. Kama bamama bane mnataka mzigo wa Guangzhou ulipiwe kidogo, mtu wa kumsumbua si balozi wa China. Ni mbunge wenu, siku ya kujadili sheria ya fedha ya mwaka, kwa maana humo ndimo viwango vinamobadilika. Na kabla ya hapo, dai karatasi ya hesabu kutoka kwa deklarani wenu, mstari kwa mstari: namba ya bidhaa, kiwango, TVA. Mkipakia mzigo wa watu wanne chini ya jina moja, mara nyingi vyote huandikwa kwenye namba ya ile bidhaa yenye ushuru mkubwa, ili kazi iishe haraka. Masufuria yako yanaweza kuwa yamelipa ushuru wa vitu vya mwenzako.

Kuhusu karanga za shemeji. Ushuru wake China kweli ni sifuri. Lakini kabla ya ushuru kuna mlango mwingine, wa afya ya mimea, na huo hufunguliwa zao moja moja, nchi moja moja, kwa itifaki inayotiwa sahihi na forodha ya China. Wakenya waliruhusiwa kupeleka parachichi mwaka 2019, wakafurahi, kisha wakasoma sharti: limenywe na ligandishwe kwanza, nyuzi 30 chini ya sifuri. Karibu hakuna aliyekuwa na mashine hiyo. Ilibidi wangoje itifaki nyingine, ya Januari 2022, ndipo parachichi bichi likapanda meli. Karanga zina ugonjwa wake, ukungu unaoleta sumu ya aflatoksini, na gunia likianikwa chini kwenye udongo likipata unyevu mara moja, maabara ya bandarini italikataa na gharama ya kulirudisha au kulichoma ni yenu. Senegali wanapeleka karanga nyingi China, ila wana miaka ya kujipanga na wanunuzi Wachina wanaoenda mpaka kijijini. Kutoka Kasenga kuna barabara mpaka Lubumbashi, kisha lori siku nyingi mpaka Durban au Dar es Salaam, kisha bahari. Kwa tani mbili tatu, usafiri utakula karanga zote na maganda yake.

Kwa hiyo asipeleke, si sasa. Lakini Wachina wa kambi za migodi ya Likasi na Kolwezi wanakula karanga kila siku, wanazikaanga na chumvi, na wapishi wao wananunua kwa gunia. Aziandae safi, azianike juu ya turubai, azichambue, achukue mfuko mmoja wa kuonjesha akagonge kwenye jiko lao. Njia hiyo haina Kasumbalesa katikati.